Mlinganyo wa Tatu

Ukungu wa Ntokela haubishi hodi.
Niliukuta ghalani umeshatangulia,
umekalia magunia ya viazi
kama mkaguzi anayedai posho.
Mimi nilikuja na kompyuta, na soksi jozi mbili mguuni.

Sijaja kuandika programu, nilimwambia Sekela, mtunza ghala.
Bado. Kwanza naandika ghala ni nini
pasipo kutaja bati, tofali wala kufuli,
pasipo kusema namba zitalala wapi tumboni mwa mashine.
Nataja vitendo tu: tupu, weka, toa, juu.
Kisha naapa jinsi vinavyojuana.

Akavuta kigoda. "Haya, apa."

juu(weka(g, k)) = k
Ukiweka gunia, la juu ni hilo hilo.
toa(weka(g, k)) = g
Ukiweka, ukatoa, ghala linarudi lilivyokuwa.
toa(tupu) = kosa

"Hivi vistari viwili visome sawa," nikamwelekeza.
"Sawa," akasema,
nisijue kama amesoma au amekubali.

Akageuza fomu ya mizigo, akatoa kalamu kwenye kilemba.
Weka la Ambakisye, Jumatatu.
Weka la Tumpe, Jumanne.
Weka la Gwamaka, lumbesa, limeshonewa kofia.
Toa. Toa.
Akawa anafuta jozi kwa jozi, weka na toa yake,
kama mtu anayemenya, hadi akabaki na moja:

Ambakisye, Jumatatu, chini kabisa.
"Huyu ndiye aliyewahi," akasema.
"Kwa kiapo chako viazi vyake vitaota macho
vinitazame mpaka Pasaka."

Hakuna hata herufi moja ya programu iliyoandikwa,
na viazi vilikuwa vimeshaoza
karatasini, mahali ambapo kuoza hakunuki.

Nikafuta. Rundo nikalifanya foleni.
toa(weka(g, k)) = weka(toa(g), k)
isipokuwa g ni tupu; hapo jibu ni tupu.
Tazama toa inavyopenya chini ya weka,
inashuka, inashuka tena,
inawapita Gwamaka na Tumpe bila kuwasalimu
hadi imfikie wa Jumatatu.
Akajaribu kwa kalamu. Ambakisye akatoka.
"Sawa," akasema, na safari hii nilijua ni ipi.

Halafu kidole chake, chenye udongo kwenye ukucha,
kikatua kwenye mstari wa tatu.
"Na hili kosa, la nani?"

La anayetoa, nikasema. Ghala ni tupu,
mashine lazima iseme kitu.

"Mwaka wa ukungu," akaanza,
"si huu unaouona, ule unaokausha majani,
mama Lugano alikuja na ndoo kutaka mbegu
akakuta sakafu nimeshaifagia.
Alikosa. Hakukosea.
Sasa wewe utamwandikia kosa, kwa wino mwekundu?"

Ningeweza kuandika toa(tupu) = tupu.
Aljebra isingelalamika.
Mama Lugano angerudi na ndoo yake,
na daftari lisingejua kwamba alifika.

Nilikaa na upande wa kulia mtupu
mpaka chai ikapoa.

Sekela akafungua daftari lake, akaanzia nyuma,
kurasa zimevimba kwa unyevu.
Huko kulikuwa na foleni nyingine, ya majina.
Aliyekosa kwanza, kwanza.
Milinganyo yangu ile ile, neno kwa neno,
ila penye gunia pana mtu.
Aliianza kabla sijajua kuna kompyuta Tukuyu.

Jina la mbele kabisa: mama Lugano, ndoo moja.
Halijakatwa.